Mjumbe Anayeatamia

"Sifuri, baba."

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta, nyembamba, yenye adabu. Kabla haijakauka masikioni mwangu nikasikia beseni likiburutwa sakafuni, na yule mwenye sauti akitapika. Alitapika kama mtu anayejificha, kama mwizi aliyebanwa na kikohozi ndani ya nyumba ya watu. Nikangoja. Maji yakamiminwa. Kitambaa kikakamuliwa.

"Na kichefuchefu?" nikauliza, maana ndilo swali lililofuata.

"Hicho pia sifuri, baba."

Nilikuwa nimekaa barazani kwa mwanangu Arnold, mgongo ukutani, simu mkononi, na upande wa pili wa simu alikuwapo sista Harriet, muuguzi, akisubiri jibu. Masikio yangu yalisema kumi. Mdomo wa mkamwana wangu ulisema sifuri. Nikatazama njia ya Tororo, malori yakipita yamejaa saruji, na hapakuwa na hata dereva mmoja wa kuniambia nimsadiki nani.

"Anasema sifuri," nikamwambia sista.

"Mungu asifiwe. Mzee Okwi, mgonjwa wako ni wa ajabu."

Ajabu kweli.

Mimi ni kiguu na njia. Nimekata miwa Kakira na Mumias, nimepakia mizigo Malaba, nimebeba saruji Tororo mpaka nikawa napiga chafya nyeupe. Kusoma nako nilisoma vipande vipande: kipande kwa mapadre upande wa Kenya, kipande Nagongera mpaka mwalimu wetu alipohamishwa, na kipande cha mwisho nikiwa na ndevu tayari, katika darasa la jioni la makuli. Kwa hiyo najua kusoma, lakini kuna mambo mengi niliyoyaacha katikati, na hata sasa nikifikiri jambo kwa muda mrefu nafika mahali ukurasa unakuwa mweupe.

Nilikuwa nalala Malaba kwenye magunia ya watu, wala sikulalamika, Arnold aliponipigia. Yeye huendesha lori la kwenda Juba.

"Baba, umezunguka dunia nzima bila mzigo," akaniambia. "Safari hii kaa. Kaa na Apendi mpaka dawa ziishe."

"Hakuna mwanamke wa kukaa naye?"

"Mama yake tulimzika, unajua. Dada zake wako Jinja na watoto wao. Jirani, Provia, atakuja asubuhi na jioni kumwogesha. Lakini mchana nani, baba? Nikiacha lori, dawa tutapata wapi? Mchana nani?"

Ndipo nikaenda.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa mjini wanalicheka. Sisi Wateso, baba na mke wa mwanawe hawachezeani. Mimi siingii nyumba anayolala mkamwana wangu. Simshiki mkono. Yeye hataji jina langu, hakalii kiti nilichokalia, na neno la mwilini mwake halifiki kwangu hata kwa bahati mbaya. Apendi ni Mjapadhola wa Nagongera, na huko nako mkwe ni mkwe. Alipoolewa kwetu akayashika ya kwetu juu ya ya kwao, akawa mkali kutushinda sisi wenyewe. Na ugonjwa, kana kwamba ulikaa ukafikiri, ulimwotea kwenye titi. Saratani ya mguu ningeweza kuuliza habari zake. Hii ilikuwa mahali ambapo baba mkwe hana hata neno la kupataja.

Basi nikakaa nje. Uji nilipika jikoni, nikauweka kizingitini, nikageuka nyuma, bakuli likachukuliwa. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi mchana kutwa, na ndani, chumbani, pazia. Hivyo ndivyo tulivyoishi: mimi upande huu wa ukuta, yeye upande ule, na adabu katikati imekaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Sista Harriet hakuyajua haya. Kwao ni Mbarara. Kiswahili alikiokota sokoni Tororo, akakisema kwa haraka kama anayepunguza bei. Alikuwa anasomea shahada ya pili na alikuwa na utafiti wake. Siku ya kwanza alituketisha kwenye benchi la hospitali, sisi tuliowaleta wagonjwa, akatueleza.

"Sisi hapa tunampa mtu dripu kwa saa chache. Halafu yeye nakwenda kuumwa nyumbani. Huko nyumbani mimi siko. Wewe ndiye uko. Mimi nataka kujua: kama nikikufundisha wewe, nikikupigia simu, huyu mtu atateseka kidogo kuliko yule ambaye hatukufundisha ndugu yake? Ndiyo utafiti. Si uchawi."

Akatufundisha vidole. Ngumi iliyofungwa ni sifuri, hakuna maumivu. Vidole vyote kumi ni mwisho wa dunia. Akatufundisha maji ya chumvi na magadi ya kuokea kwa kusukutua mdomo, uji uliopoa, tangawizi, kula kidogo mara nyingi kuliko kingi mara moja. Mwishowe akasimama mbele yangu, labda kwa kuwa nilikuwa mzee kuliko wote, akainua kipimajoto.

"Joto likipita thelathini na nane, usimpe Panadol ukangoja. Hii dawa naua ugonjwa lakini naua na askari wa mwili. Adui akiingia, hakuna mtu wa kupiga kelele. Siku hiyohiyo unamleta. Umesikia, mzee? Mtu anaweza kufa na ile homa wakati saratani yenyewe imeanza kukimbia."

"Kinawekwa wapi?" nikauliza.

"Kwapani."

Nikatazama miti ya hospitali. Alidhani naogopa mashine.

Ndipo zikaanza zile sifuri. Kila sista alipopiga, mimi niliuliza ukuta, ukuta ukajibu sifuri, nami nikapeleka sifuri kama nilivyopewa. Unaweza kusema, wewe mzee, si ulisikia anatapika? Nilisikia. Lakini kusema nimesikia ni kukiri kwamba nilikuwa nimetega sikio kwenye mwili wa mke wa mwanangu. Kunyamaza nako ni kumwacha ateketee. Nilizunguka katikati ya mambo haya mawili kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi, nikala majani ya mahali palepale mpaka pakawa vumbi. Provia, ambaye angeweza kusema, alifichwa pia, maana mdomo wa Provia ni redio. Ukimwambia asubuhi, jioni wanajadili upande wa Kenya.

Tuliporudi hospitali kwa dripu iliyofuata, mizani ikasema mambo mengine. Sista akamwambia Apendi afungue mdomo, akamulika tochi, akaniita.

"Mzee, njoo uone."

"Naona kutoka hapa," nikasema, nikitazama dari.

"Hii ndiyo sifuri? Ulimi wote umechubuka. Hii ndiyo sifuri uliniambia?"

"Ndiyo niliyopewa."

Akamgeukia Apendi. "Dada, kwa nini unamdanganya mzee?"

Apendi alikuwa amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Akayaangalia magoti yake. "Sikumdanganya. Ningemwambia nini baba wa mume wangu?"

"Lakini huyu ni mzazi wako."

"Ndiyo," Apendi akasema. "Ndiyo sababu."

Sista akanitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi kwangu. Sijaona mtu aliyesoma akiwa amepotea hivyo. Akajaribu dawa yake: alianza kumpigia Apendi mwenyewe. Haikusaidia. Kwa simu Apendi alimjibu kama watu wote wanavyowajibu watu wa hospitali, niko sawa, sista, asante, sista, akakata. Na akihisi mimi niko barazani, hata hilo hakulisema kwa sauti.

Ni kuku aliyetuokoa, ingawa hakujua.

Alikuwa kuku mweusi wa Apendi, amejichagulia karai bovu ndani kidogo ya mlango, amelalia mayai, ana macho ya askari wa forodha. Siku moja nimeweka uji kizingitini haukuchukuliwa. Ukapoa, ukashika ngozi. Nzi wakaja. Nikakaa, nikamkumbuka mama yangu. Mama, baba yake baba yangu akiwa uani na kuna neno lisilosemeka, alikuwa anazungumza na kinu. "Kinu, mwambie mzee mvua inakuja na mbegu zake ziko nje." Na babu angeinuka akatoe mbegu bila kumtazama mtu, akijibu, "Kinu, asante." Watoto tulidhani kinu kinasikia. Nilikuwa sijalifikiria jambo hilo tangu nilipoondoka nyumbani na viatu vya kuazima.

"We kuku," nikasema. Nilijiona mjinga. "Wewe uliye ndani. Umelalaje?"

Kuku akanitolea jicho moja.

"Nasikia kuna mtu humo hali chakula. Wewe uko karibu. Huoni kitu?"

Lori likapita, vyombo vikatikisika jikoni. Nikaanza kuinuka, na ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, wala haikuwa ile ya sifuri. Ilikuwa sauti nzito, ya mwanamke aliyechoka anayesema na mnyama wake.

"Kuku, mwambie mzee usiku ulikuwa mrefu."

Nikakaa tena. "Kuku, mrefu vidole vingapi?"

"Mwambie vyote. Na vya miguu."

Nikamwambia kuku amuulize kuhusu uji. Kuku, nikaambiwa, anasema uji unanuka sufuria. Kila kitu kinanuka sufuria, hata maji, mdomo umekuwa kama umelamba msumari. Nikamwambia kuku asante. Nikaenda kwa Provia nikaazima chungu cha udongo na kijiko cha mti, nikapika tena, nikapooza, nikaweka. Bakuli likachukuliwa. Lilirudi na mabaki, lakini lilirudi.

Tangu siku hiyo kuku akawa na mengi ya kusema. Alieleza vidonda vilipo na vilivyo. Alieleza siafu wanaotembea kwenye nyayo ambao ukiangalia huwaoni. Alieleza, baada ya kuzungukazunguka sana, habari za choo, nami nikatazama barabarani wakati wote, na kuku naye, nadhani, aliona haya. Mara nyingine alikuwa na ulimi.

"Kuku, mwambie mzee akipika aache kuimba. Hospitali imeshatoa dawa ya kutapisha, hakuna haja ya nyingine."

"Kuku, mwambie wimbo huu niliwaimbia makuli wa Malaba, hakuna aliyetapika."

"Mwambie hao walikuwa wamelewa."

Provia alitukuta siku moja katikati ya mazungumzo. Akasimama na ndoo yake ya maji, akanitazama nimemwinamia ndege. "Arnold aliacha mgonjwa mmoja hapa," akasema. "Sasa ni wendawazimu wawili, na kuku ndiye mwenye akili."

Sista Harriet alicheka nilipomweleza, halafu akaacha kucheka. Simu ilipolia baada ya hapo, neno lake la kwanza lilikuwa, "Leo kuku anasemaje?" Nikasema vidole, nikasema mahali, akanielekeza: punguza chumvi kwenye maji ya kusukutua kama yanawasha, mpe kidonge cha kichefuchefu kabla ya chakula, usingoje atapike ndipo umpe. Na yakasaidia. Vidole kumi vikawa saba. Saba vikawa vinne. Lakini alikuwa na shida yake.

"Mzee, profesa wangu ataniuliza majibu haya yalitoka kwa nani. Nitasema mgonjwa? Nitasema wewe? Nitamwambia profesa eti kuku?"

"Mimi sijasoma mpaka huko, sista."

"Na mimi nimesoma mpaka huko lakini sijui."

Lakini mayai ya kuku hayangoji utafiti. Asubuhi moja nilisikia vilio vidogo kwenye karai, nikafurahi kama mjinga. Kuku aliangua vizuri, akavilalia vifaranga vyake kutwa, na Apendi akasikika akicheka nyuma ya pazia, kicheko kifupi chenye kikohozi. Kesho yake kuku akatoka na watoto wake, akapita kizingitini bila kuaga, akaenda nyuma ya jiko kuwafundisha kupekua.

Ilikuwa siku ya soko. Provia alishavuka ng'ambo ya mpaka na ndizi zake. Alimwogesha Apendi alfajiri, akaniambia tu kwamba leo mgonjwa hana maneno. Nikapika, nikaweka uji. Haukuchukuliwa.

"Apendi," nikaita. "Mwili unaendeleaje?"

"Sifuri, baba."

Ile sauti nyembamba ilikuwa imerudi.

"Umepima joto?"

"Sifuri, baba."

Hilo halikuwa jibu la swali hilo. Nikajua, na sikujua nimejua nini. Nikalisemesha karai tupu. Nikalisemesha kigoda. Nikaliambia fagio, fagio, muulize huyo bibi anasikiaje, na fagio likanyamaza kama fagio. Kuna vitu vinavyokubali kazi hii na vingine havikubali, na ni nani aliyewahi kueleza kanuni yake? Nikatoka kumfukuza kuku. Mzee wa umri wangu, na goti langu hili, nikamkimbiza kuku kuzunguka jiko, vifaranga vinatawanyika vikilia, mpaka nikamkamata, nikamleta chini ya kwapa, nikamweka kwenye karai lake. Akanidonoa mkono, akaruka, akarudi kwa watoto wake. Nani angemlaumu?

Nikasimama hapo kizingitini nikitokwa na damu kidogo kwenye kidole, na ndipo nikamsikia Apendi akisema.

"Kuku. Kuku, mwambie mzee afunge mlango. Maji yanaingia. Kuku, yamefika kitandani."

Jua lilikuwa la utosi. Mvua haikuwa imenyesha tangu wiki iliyopita. Alizungumza na kuku ambaye hayupo, juu ya maji ambayo hayapo, na alikuwa ananiita mimi.

Ningependa kusema niliingia mara moja. Sikuingia. Mguu mmoja ulipita kizingiti, mwingine ukabaki, nikakaa hivyo kama mtu anayeuliza njia. Nilisikia baba yangu, nilisikia babu yangu, nilisikia sista Harriet na askari wake wa mwili, wote wanasema pamoja, na kila mmoja ana haki. Sikuamua. Watu huniuliza niliamuaje, na mimi nawaambia sikuamua, nilichoka kusikia. Mguu wa pili ukaja.

Nikasogeza pazia. Kipimajoto kilikuwa juu ya mto na sikukihitaji. Nilimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, na mkono ukarudi wenyewe. Macho yake yalikuwa wazi yakinitazama, wala hakushtuka kuniona, na hilo ndilo lililonitisha kuliko joto.

Nilimfunga shuka, nikamtoa. Njiani siku ya soko hakuna pikipiki. Zote zinabeba watu na mbuzi wao. Alikuwapo mmoja tu, Ochwo, kijana wa ukoo wa kina Apendi, amelala chini ya mti wa stendi na kofia usoni kwa sababu klachi ilikuwa inamsumbua.

"Tororo, hospitali," nikasema.

Aliona, akainuka. Hakutaja bei. Akawasha pikipiki mara ya tatu ikakubali, akasema, "Panda, mzee. Dada katikati."

"Hapana. Mimi nitakaa katikati."

"Halafu dada ashike nini nyuma? Mikono haina nguvu, muone."

"Basi mfunge kwako na leso. Mimi nitafuata kwa mguu."

Ochwo alinitazama. "Mzee, ni Tororo hiyo. Utafika amekuwa bibi."

"Huyu ni mkamwana wangu," nikamwambia, ili aelewe.

"Najua ni nani. Mimi ni kaka yake." Alishuka, akamshika Apendi upande mmoja, akatafuta neno lililo safi. "Mzee, angekuwa gunia la saruji ungeliweka wapi?"

"Katikati."

"Basi."

Hivyo tukaenda. Ochwo mbele, Apendi katikati, mimi nyuma, mikono yangu imempita mbavuni nimeshika shati la Ochwo. Kichwa chake kiliangukia kifuani kwangu, kitambaa kikapeperuka njiani, na sikugeuka kukitazama. Nilikuwa sijawahi kuona kichwa chake. Kilikuwa kidogo, kama cha mtoto mchanga, na joto lake likapita shati langu likafika mfupani. Sikujua nifikirie nini, kwa hiyo nikawa nasoma vibao vya barabarani kwa sauti, vyote, majina ya maduka, ya makanisa, ya sabuni, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza anayeogopa kiboko. Mwamba wa Tororo ukatokea mbele, ukawa unakuja na haufiki.

Sista Harriet alikutana nasi mlangoni. Watu wakamchukua Apendi. Wakatafuta mshipa, wakaupoteza, wakaupata. Maji yakatundikwa, na chupa nyingine ndogo ya dawa ya kuua vijidudu pembeni.

"Ilianza lini hii homa?" sista akauliza, haraka, bila kunitazama.

"Sijui."

"Mzee, jana tulisema. Jana kuku alisema mbili. Leo nini?"

"Kuku aliangua," nikasema.

Akasimama. Akaninyooshea kidole kana kwamba atasema neno, akakishusha. "Ameondoka?"

"Na watoto wake."

Sista akaweka kiganja mdomoni, halafu akarudi kwa mgonjwa wake.

Apendi hakufa. Alimaliza dripu zilizobaki, akakatwa palipopaswa kukatwa, na leo nywele zimemrudia, laini kuliko za kwanza, anauza mitumba upande wa Kenya na kugombana na wateja kwa lugha nne. Wazee wa ukoo walikaa kwa ajili yetu. Wengine walisema lazima mbuzi achinjwe ili njia isafishwe. Wengine walisema mgonjwa hana mkwe. Walikunywa pombe, wakaahirisha, na mpaka sasa hawajakaa tena. Mimi na Apendi tunasalimiana. Lakini ananisalimia akiwa mbali, halafu anakaribia hatua kidogo, kisha anasimama, nami sijui kama nisogee au nirudi nyuma. Tunabaki hivyo njiani, watu wanatupita.

Sista Harriet naye alimaliza utafiti wake, akapata shahada. Alinipigia kuniambia kwamba walioelekezwa waliteseka kidogo kuliko wengine. Kwamba sasa kabla ya kumfundisha mtu yeyote vidole anamuuliza kwanza, wewe kwake ni nani, na ni neno gani huwezi kulisikia kutoka kwake. Nikamuuliza kuhusu majibu yetu sisi, kama aliyatupa au aliyahesabu. Akasema, "Mzee, hiyo hadithi ndefu," na salio likaisha. Sikuuliza tena. Kuna siku nataka yawe yamehesabiwa. Siku nyingine nataka yawe yametupwa, yasijulikane na mtu.

Lakini mchana ule wa homa tulikuwa bado hatujui lolote kati ya haya. Nilikaa nje kwenye nyasi za hospitali. Sista alikuja akaniambia joto limeanza kushuka na Apendi amelala usingizi wa kweli. Akaenda. Nikabaki natazama viatu vyangu. Ndipo simu ikalia, na ilikuwa Arnold, aliyekwisha kupata ujumbe wa sista, mahali fulani kabla ya Juba, mtandao unakuja na kwenda.

"Yuko hai," nikasema kwanza. "Joto linashuka. Amelala."

"Asante, baba." Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa ikinguruma. Akapumua. "Asante sana. Provia ndiye aliyemleta?"

"Provia alikuwa ng'ambo."

"Gari mlipata wapi?"

"Hapakuwa na gari. Ochwo alitubeba."

"Kwa pikipiki?"

"Kwa pikipiki."

"Moja?"

"Moja."

Injini ilinguruma. Nililisikia swali likija kutoka mbali, likipanda vilima vyote vya huko aliko, na sikuwa na mahali pa kujificha.

"Baba. Mliketi vipi?"

"Ochwo mbele," nikasema. "Mimi nyuma."

Hakuuliza katikati alikuwa nani. Nikaiondoa simu sikioni nikaitazama, nikidhani mtandao umekatika, lakini namba zilikuwa bado zinatembea. Nikairudisha. Alikuwapo. Nilitaka kumwambia habari za shuka, za vibao vya barabarani, za baba yangu na babu yangu, lakini kila nililolishika lilikuwa halina mwanzo.

"Alikuwa mzito?" Arnold akauliza. Haikuwa sauti ya dereva wa lori.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Hakuwa mzito hata kidogo."

Upande wa pili nikasikia injini ikizimwa.